Gandhi na Waandishi Waliomfunza

Mwaka 1904 wakili wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alipanda gari la moshi Johannesburg kwenda Durban. Rafiki yake Henry Polak, mwandishi wa gazeti aliyejuana naye katika mkahawa wa wasiokula nyama, alimpa kitabu cha kusoma njiani: Unto This Last cha Mwingereza John Ruskin. Safari ilikuwa ya saa 24. Gandhi hakuweza kukiweka kitabu chini, na usiku ule usingizi haukumjia. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amenunua shamba la Phoenix na kulihamishia huko gazeti la Indian Opinion, ili kila mfanyakazi alime na apate ujira sawa na mwenziwe.

Husemwa kwamba kitabu kimoja kilimgeuza. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipata humo mafunzo matatu: heri ya mmoja imo katika heri ya wote, kazi ya kinyozi ina thamani sawa na ya wakili, na maisha ya mkulima na fundi ndiyo yastahiliyo. La kwanza alilijua, la pili alilihisi kama aonaye kitu gizani, la tatu tu lilikuwa geni. Ardhi ilikwisha limwa, basi. Tangu mwaka 1894 alikuwa amemwandikia Raychand, sonara wa Bombay, maswali yake ya dini, na alikuwa amemsoma Tolstoy.

Tena hakupokea yote aliyopewa. Ruskin hakuwa mpenda usawa. Alimtetea hadharani Gavana Eyre, aliyezima maasi ya watu weusi wa Jamaica mwaka 1865 kwa mauaji mengi. Gandhi alipokifasiri kitabu kwa Kigujarati mwaka 1908 alikiita Sarvodaya, yaani ustawi wa wote, akampita mwalimu wake.

Lakini hao "wote" walikuwa na mpaka. Mwendo mfupi kutoka Phoenix ilikuwako shule ya Ohlange ya John Dube, mwenye gazeti la Ilanga lase Natal, lililoanza mwaka 1903 sawa na Indian Opinion. Mwaka 1905 Gandhi alimsikia akihutubu, akamsifu gazetini.  Maandishi yake ya miaka ile yawataja Waafrika mara nyingi kwa dharau, na haki alizozidai zilikuwa za Wahindi. Aliandikiana barua na Tolstoy, aliye Urusi, mpaka mzee huyo alipokaribia kufa mwaka 1910. Kwa jirani yake, ambaye mwaka 1912 alikuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress, hakujifunza falsafa yoyote ionekanayo. Mei 1908, mjini Johannesburg, alitamka tumaini la kuona jamii zote zikichanganyika katika ustaarabu mmoja. Hata hivyo shamba alilopewa na Kallenbach mwaka 1910, likaitwa kwa jina la Tolstoy, lilikuwa makao ya jamaa za Wahindi waliofungwa katika mapambano.