Siri ya Mgonjwa: kutoka ELIZA hadi Masisi na Walikale

Mnamo 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyomwiga mshauri wa nafsi kwa kugeuza maneno ya msemaji yawe maswali. Haikufahamu neno. Hata hivyo katibu wake, aliyejua hayo, alimwomba atoke ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Tangu vita vya Machi 1993, vilivyoanzia Ntoto wilayani Walikale vikaenea Masisi, anayesimulia aliyotendewa hutaja kijiji na majina ya watenda. Siri ikivuja, huenda akauawa. Mshauri akiitoa, wazee watamwita barazani. Mashine iliyohifadhi kilio hicho ng'ambo haina wa kuitikia mwito.