Saa ya Babu: Mali Isiyopitia kwa Ukoo, Kilosa na Mikumi

Katika vitu ambavyo babu au bibi wa Kilosa anaweza kumwachia mjukuu, saa ya mkononi ndiyo inayoonekana ngeni kuliko vyote. Haikulimwa wala kufugwa wala kusukwa na mtu wa hapa. Ilikuja na wageni, na wapo wanaosema kwamba mzee anayempa mjukuu fedha akanunue saa ya kukumbukia ameiga tu mila ya wenye reli na wenye mashamba. Sikubaliani nao. Ukifuatilia jinsi mali zilivyopita mkono hadi mkono katika wilaya hii, kuanzia stesheni ya Kilosa hadi Kimamba na kushuka mpaka Mikumi, utaona kwamba saa ilipata heshima yake kwa sababu nyingine kabisa. Ilikuwa mali ya jasho la mtu mmoja, yenye kudumu, ambayo aliweza kumpa amtakaye bila kuomba ruhusa ya ukoo.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kilosa iko kwenye njia hiyo, pale reli inapoingia bonde la mto Mkondoa kuelekea nyanda za Dodoma. Kabla ya hapo misafara ya pembe na nguo ilipita hapa Usagara kwa kuhesabu siku za mwendo, na siku yenyewe ilihesabiwa kwa jua. Stesheni ilileta mtu wa aina mpya, mwenye kofia na saa, ambaye hakusubiri wingu lipite ili ajue ni saa ngapi. Lakini watu wa njia hii hawakuiacha hesabu yao. Hadi leo mshale mfupi ukigusa saba asubuhi, mtu wa Kilosa anasema ni saa moja, kwa kuwa siku yake inaanza jua linapochomoza. Wengine huirudisha mishale saa sita nyuma ili ifuate kinywa. Walio wengi huiacha ilivyo na kuisoma kwa kuvuka upande wa pili wa uso wa saa, kila siku, bila kufikiri. Ratiba ya treni huanzia usiku wa manane na msafiri huanzia alfajiri, na wote wawili hukutana kwenye jukwaa. Watu waliotawaliwa na saa wasingeisoma hivyo.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye mkonge. Mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero yalivuta vibarua wa mbali, manamba, kutoka nyanda za kusini, Kigoma na hata nje ya mipaka ya nchi. Kibarua alifanya kazi kwa kipande, karatasi ngumu yenye nafasi za siku 30. Siku iliandikwa pale alipomaliza kazi aliyopangiwa, iwe matita ya majani ya mkonge au mistari ya kupalilia. Asipomaliza, nafasi ilibaki tupu, na mshahara ulisubiri kipande kijae. Alfajiri aliamshwa na kengele, na katika sehemu nyingi za nchi yetu kengele hiyo ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa na kugongwa kwa nondo, kama shule nyingi zinavyofanya hadi sasa. Saa ilikuwa ya karani na nyapara. Mkata mkonge hakuihitaji hata kidogo, maana aliyekata matita yake mapema alirudi kambini mapema. Hapo ndipo hoja ya uigaji inapokwama. Kibarua aliyenunua saa kwa fedha zake hakuinunua ili atii kengele. Alinunua kitu kidogo, cha thamani, kisichooza, kinachovaliwa na mtu mmoja tu.

Kitu cha namna hiyo kilikuwa na maana ya pekee Kilosa kwa sababu ya desturi ya wenyeji. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na jirani zao Waluguru hufuata ukoo wa mama. T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha mwaka 1967 uchunguzi wake juu ya watu wa mashariki ya Tanzania wanaofuata ukoo wa mama, ameeleza kwa kirefu mvutano uliokuwepo kati ya baba na mjomba. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ni ya ukoo. Mwanamume akifa, wenye haki ya kwanza ni ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada yake, na watoto aliowalea nyumbani kwake hutazama kwa mjomba wao. Mpangilio huo una hekima yake, kwani mwanamke hakosi ardhi wala mtetezi hata ndoa ikivunjika. Ila babu mzaa baba huachwa mahali pagumu. Mjukuu aliyezaliwa na mwanawe wa kiume si wa ukoo wake. Hawezi kumwachia shamba la ukoo bila wapwa zake kuuliza, na bibi mzaa baba hali yake ni hiyo hiyo. Mshahara wa reli au wa mkonge uliwapa wazee hao mali ambayo ukoo haukuwa na mkono ndani yake. Na katika mali za mshahara, baiskeli hutumiwa na nyumba nzima, redio husikilizwa na mtaa, kanga na shuka huchakaa, mbuzi huchanganyika na zizi la wengine. Saa hukaa kwenye kifundo cha mkono mmoja. Kwa mzee aliyetaka kumwambia mjukuu "wewe ni wangu" pale ambapo ukoo ulisema vingine, sijui kitu kingine cha ukubwa ule ambacho kingeisema kauli hiyo vizuri zaidi.

Atakayepinga atasema Kilosa si ya Wakaguru na Wasagara peke yao, na atakuwa amesema kweli. Mji ulijaa Waislamu tangu enzi za misafara, na makambi ya mkonge yalijaa watu wa ukoo wa baba, ambao ndio walioandikiwa sheria za mila za urithi mwaka 1963. Lakini kuwatazama hao kunaongezea hoja nguvu. Katika mirathi ya Kiislamu, mjukuu ambaye mtoto wa kiume wa marehemu yu hai harithi chochote kwa babu. Zimebaki njia mbili: wosia, usiozidi theluthi ya mali, au hiba, zawadi anayotoa mtu mwenyewe akiwa hai na ikakabidhiwa. Na manamba aliyezeekea Kimamba, shamba la baba yake likiwa Njombe au Kasulu, alikuwa na ardhi mbali na wajukuu karibu. Njia tatu tofauti za urithi zinamfikisha mzee mahali pamoja: ampendaye hamo kwenye orodha, au yumo lakini mali iko mbali, na mkononi ana fedha kidogo alizochuma mwenyewe.

Fedha zenyewe zina historia chungu. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960 nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na baadaye mengine yakageuka vichaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na wafanyakazi wa reli yake wakabaki wakidai mafao kwa miongo kadhaa. Malipo ya serikali yalipokuja miaka ya 2000, wengi walikuwa wamekwisha kuzeeka na wengine wamekufa. Kiinua mgongo kilichochelewa kiasi hicho huwakuta watoto wakiwa watu wazima wenye miji yao, na wajukuu ndio wanaosoma. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na uhaba mkali baada ya vita vya Kagera, ambapo bidhaa za nje zilikuwa adimu hata kwa mwenye fedha, na saa iliyokwishapatikana ilibidi itengenezwe na kutengenezwa tena. Fundi saa, na meza yake yenye kisanduku cha kioo, lenzi jichoni na bisibisi nyembamba kama sindano, alifungua mfuniko wa nyuma, akasafisha mafuta yaliyoganda, akabadili kioo na mkanda, na mwenyewe akarudi nyumbani na saa ile ile. Kitu kinachopita kwa fundi mara nyingi hivyo bila kutupwa kinajipatia ukoo wake chenyewe.

Kijana wa Mikumi leo ana simu, na treni ya umeme inayosimama Kilosa tangu 2024 inamtumia tiketi humo humo. Kwa kujua wakati, simu inatosha, sina ubishi. Ila saa ya babu haikununuliwa kwa ajili ya kujua wakati hata enzi za kipande, kwa hiyo simu haikuiondolea kazi yake. Wapo pia wanaosema fedha ya bibi ilipe ada au inunue bati. Kama kuna ada inayodaiwa, ilipwe kwanza, na hakuna bibi atakayekasirika. Lakini bati nalo si salama kama linavyodhaniwa hapa: mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukabomoa reli, na maelfu ya watu wa Kilosa wakaishi kwenye mahema. Waliokoa vilivyobebeka.

Historia hiyo inatoa mwongozo kwa mwenye kuchagua. Casio F-91W ya betri, inayouzwa tangu 1989, ni sahihi na ni rahisi, lakini ikiharibika mara nyingi hutupwa. Afadhali saa ya mashine inayofunguka, ya kutia ufunguo au ya kujijaza kwa mwendo wa mkono kama Seiko 5 iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, hata ikiwa ya mtumba, mradi fundi afungue mfuniko mbele yako kabla hujalipa, maana feki hujificha ndani na si usoni. Jina la mzee lichongwe na sonara nyuma ya saa, siyo mbele. Kisha saa ipelekwe kwake kwanza, aishike, aitoe kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watoto wake na wapwa zake, kwa sababu hiba isiyokabidhiwa huhesabiwa kuwa haijatolewa, na ugomvi wa matanga huzuka juu ya kile ambacho hakuna aliyekiona kikitolewa.