Kiti cha Sita cha Wanawake wa Samoa

Tarehe 24 Mei 2021, Fiame Naomi Mata'afa na wabunge wenzake walifika kwenye jengo la bunge la Samoa, mjini Apia, wakakuta milango imefungwa. Jioni wakaapa ndani ya hema, nje ya jengo hilo. Hivyo ndivyo nchi hiyo ya watu wapatao laki mbili ilivyompata waziri mkuu wake wa kwanza mwanamke.

Baba yake ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza Samoa ilipopata uhuru mwaka 1962. Wakati huo waliopiga kura walikuwa karibu wote matai, yaani wakuu wa koo. Raia wote waliotimiza miaka 21 walipata haki hiyo baada ya kura ya maoni ya 1990, lakini mpaka leo asiye matai hagombei ubunge, na wanawake wenye cheo hicho ni wachache.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2013 katiba ilirekebishwa ili wanawake wasipungue asilimia 10 bungeni. Ni kifungu chema. Uchungu ni jinsi kilivyotumika.

Uchaguzi wa tarehe 9 Aprili 2021 ulikipa chama cha HRPP, kilichotawala karibu miaka 40, viti 25. FAST, chama kipya cha Fiame, nacho kikapata 25, na mgombea binafsi kimoja. Wanawake watano walishinda kati ya wabunge 51, sawa na asilimia 9.8. Mgombea binafsi akiwa bado hajatangaza aliko, tume ya uchaguzi ikampa mwanamke wa HRPP kiti cha ziada. Kesho yake mgombea huyo alipojiunga na FAST, hesabu ikawa 26 kwa 26. Kanuni ya kuwainua wanawake ikawa kizuizi cha mwanamke kushika serikali.

Mahakama Kuu ilikibatilisha kiti hicho. Mahakama ya Rufani ikafafanua kwamba wanawake lazima wawe sita, ila nyongeza isubiri kesi za uchaguzi na chaguzi ndogo ziishe. Mimi naona huo ndio uamuzi uliomtendea haki mwanamke wa Samoa: haki yake ilibaki, ikatolewa mikononi mwa waliotaka kuitumia kung'ang'ania madaraka.

Tarehe 23 Julai mahakama hiyo ilitamka kwamba kiapo cha hemani kilikuwa halali, na Tuilaepa Sailele Malielegaoi, waziri mkuu tangu 1998, akakubali kuondoka.