Walioomba, na Ambao Hawakuomba

Mwaka 2005 Google ilitangaza nafasi 200 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu waliotaka kutumia likizo yao kuandika programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Yakamiminika maombi zaidi ya 8,700. Kampuni ikaongeza nafasi hadi takribani 400, na bado walio wengi wakabaki nje. Aliyepata na kumaliza kazi alilipwa dola 4,500, na taasisi ya programu huria iliyomlea dola 500. Ndivyo ilivyoanza Google Summer of Code, kwa utani wa kuwataka vijana wageuze biti badala ya kugeuza nyama za baga.

Kuomba kwenyewe kulihitaji andiko la mradi: utatengeneza nini, kwa ratiba gani, na kwa nini wewe. Kadiri miaka ilivyopita, taasisi nyingi hazikuridhika na maneno matamu. Zilitaka mwombaji arekebishe kwanza kasoro ndogo katika programu yao, na aonekane akiuliza maswali mapema. Naona zilifanya vyema, kwani andiko zuri laweza kuandikwa na mtu asiyejua hata kuiwasha programu anayoisifia. Lakini sharti hilo humbana asiye na intaneti ya uhakika, na hilo halisemwi sana.

Kasoro nyingine ilijitokeza mapema. Mwaka 2006 mradi wa GNOME, mojawapo ya taasisi hizo, ulipokea maombi 181 ya mpango huo, na hata moja halikutoka kwa mwanamke. Viongozi wake wangeweza kusema wanawake hawapendi kompyuta, mambo yakaishia hapo. Badala yake walitangaza nafasi za wanawake peke yao, wakapata waombaji wapatao 100 na kuwachukua sita. Kumbe watu walikuwapo; mwaliko ndio haukuwafikia. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Outreachy, mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa watu wasiowakilishwa vya kutosha katika teknolojia.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii, tena upande wa walezi. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Indiana na kile cha Moi kule Eldoret, wakati kliniki za UKIMWI zilipozidiwa na makaratasi. Mwaka 2007 uliingia kwenye orodha ya taasisi zinazopokea wanafunzi, ikawa kijana wa bara jingine anaomba kuandika msimbo wa mfumo ambao mizizi yake iko Bonde la Ufa.

Posho ya Google Summer of Code ilianza kupangwa kwa kufuata gharama za maisha za kila nchi mwaka 2017. Mwaka 2022 sharti la kuwa mwanafunzi likaondolewa: ikatosha kuwa na miaka 18 na kuwa mgeni katika programu huria. Fundi simu wa Kariakoo anayejifunza kuandika programu usiku, baada ya kufunga kibanda, naye sasa anaweza kuandika andiko lake.