Bastola au rivolva: Amua kabla ya kuomba kibali

MKAZI wa Manyatta, Embu, anayetaka silaha ndogo ya kujihami sharti apate cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114. Cheti hicho hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi, hivyo uamuzi hufanywa mapema.

Rivolva ndogo hubeba risasi tano au sita katika silinda. Moja ikikataa kulipuka, huvutwa kifyatulio tena na nyingine huchukua nafasi yake. Kasoro yake ni unene kiunoni.

Bastola inayojipakia ni bapa, hata ile ya milimita 7.65, ila hudai mazoezi. Kasha la risasi likichomolewa, risasi moja yaweza kusalia ndani ya mtutu, na mtoto akiichezea imemuua. Asiye na wakati wa mazoezi, heri achukue rivolva.