Usimbaji wa Herufi na Utafutaji wa Matini kwa Mstari wa Amri

Usimbaji wa herufi ni utaratibu wa kuipa kila herufi namba yake, na kuiandika namba hiyo kwa baiti ili kompyuta iweze kuihifadhi na kuitambua. Istilahi hii haina budi kutofautishwa na usimbaji fiche, ambao humzuia asiye na ufunguo kusoma ujumbe; usimbaji wa herufi haufichi kitu, ila asiyeujua huisoma matini visivyo.

Usimbaji wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu, ambazo zinatosha herufi zote za Kiswahili sanifu. UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, huziacha nafasi hizo kama zilivyo, kwa baiti mojamoja, na kuzipa alama nyingine zote baiti mbili hadi nne. Thompson huyohuyo ndiye aliyekuwa ameandika grep, programu inayopekua mafaili na kutoa kila mstari wenye neno linalotafutwa.

Kwa mfano, jina Olasiti, la kata iliyomo katika Jiji la Arusha, lina herufi saba na baiti saba, hivyo hupatikana bila taabu. Ng'iresi, kijiji kilichopo kwenye miteremko ya Mlima Meru, ni kisa kingine, kwa sababu ritifaa yake ikiandikwa wima jina huwa na baiti nane, lakini programu ya uandishi ikiipinda na kuwa ’, alama hiyo pekee huchukua baiti tatu na jina zima hufikia kumi. Jicho huona neno lilelile, ilhali grep, inayolinganisha misimbo, haioni kitu.

Lugha ya Kimaa, inayozungumzwa pia na Waarusha, huongeza ugumu, kwani wanaisimu huiandika kwa herufi kama ŋ, ɛ na ɔ, pamoja na alama za toni. Herufi á ina namba yake moja, lakini pia yaweza kuundwa kwa a ikifuatwa na alama ya toni inayojitegemea. Ɛ́ haina namba moja, hivyo huundwa kwa njia hiyo ya pili tu.

Uchunguzi wa tatizo hufaa uanze kwenye faili lenyewe, kwa amri ya file, inayokisia usimbaji uliotumika. Faili lenye usimbaji wa Windows-1252, ambalo huhifadhi ritifaa iliyopinda kwa baiti moja isiyo halali katika UTF-8, laweza kuifanya grep itangaze kuwa faili si matini. Dawa yake ni kuligeuza liwe la UTF-8 kwa programu ya iconv. Hatua ya pili ni kukagua mazingira ya lugha ya mfumo kwa amri ya locale: katika mazingira yaitwayo C, nukta katika "Ng.iresi" husimamia baiti moja yoyote, hivyo ritifaa ya baiti tatu hukosekana, lakini katika mazingira ya UTF-8 husimamia alama nzima. Hatua ya tatu ni kusawazisha herufi zenye toni ziwe za umbo moja, kwa programu kama uconv.

Kwa hiyo, anayetunza orodha za majina ya vijiji au kamusi achague ritifaa moja na usimbaji mmoja, yaani UTF-8, kabla ya kuingiza neno la kwanza.