Cornwall

Cornwall (kwa Kikorni: Kernow) ni kaunti ya kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza. Bahari imeizunguka karibu pande zote. Mashariki, mto Tamar huitenga na Devon kwa sehemu kubwa ya mpaka. Makao makuu ni Truro. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi wapatao 570,000.

Madini na ufundi

Bati limechimbwa hapa tangu Enzi ya Bronzi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Cornwall pamoja na magharibi ya Devon zilitoa theluthi mbili ya shaba yote duniani. Kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini ndivyo yalivyojaa maji, na haja ya kuyavuta ikachochea uundaji wa injini za mvuke. Richard Trevithick, mwana wa meneja wa migodi, aliendesha gari la mvuke barabarani mjini Camborne mwaka 1801. Miaka mitatu baadaye, injini yake ilivuta mabehewa juu ya reli huko Wales.

Bei ya shaba ilipoporomoka katika miaka ya 1860, wachimbaji wengi walihamia Australia, Afrika Kusini na Marekani. Wengine walikuwa wametangulia Meksiko, ambako mji wa Pachuca hadi leo unasifika kwa paste, chakula chenye asili ya pasty ya Cornwall: unga uliokandwa, ukajazwa nyama, viazi na vitunguu, kisha ukaokwa. South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati, ulifungwa mwaka 1998. Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo ya machimbo katika Urithi wa Dunia.

Lugha na utambulisho

Kikorni ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kiwelisi na Kibretoni. Dolly Pentreath, muuza samaki aliyefariki mwaka 1777, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wasemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa. Mwaka 1904 Henry Jenner alichapisha kitabu cha kuifundisha, na uhuishaji ukaanza. Serikali iliitambua mwaka 2002. Mwaka 2010 UNESCO iliacha kuihesabu kuwa lugha mfu. Wakorni wenyewe walitambuliwa kuwa jamii ndogo ya kitaifa mwaka 2014.

Kila tarehe 5 Machi huadhimishwa siku ya Mtakatifu Piran, msimamizi wa wachimbaji wa bati. Bendera yake, msalaba mweupe juu ya weusi, ndiyo bendera ya Cornwall. Migodi iliyowalisha mababu imenyamaza, lakini jina, lugha na sikukuu yao vinadumu kwa sababu watu wameamua kuvirithisha.